Uliaga?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Huku sote wazima, mgongo wake nao umetulia. Umeniuliza hivi: umeacha pale ulipofanya karate ya Goju-ryu, mtindo wetu, miaka tisa, umepata klabu ya Shotokan, mtindo mwingine, karibu na kazini kwako hapo Dodoma, je, ukienda ufunge mkanda wako mweusi, au ufunge mweupe uanze upya?

Nami nakuuliza: uliaga?

Maana hukuandika. Umeeleza ada za mitihani zilivyopanda, umeeleza mwalimu alivyomtukana yule mtoto mbele ya wazazi wake, na damu ilinichemka niliposoma. Lakini siku ya mwisho ulitokaje, hapo umeparuka. Neno langu unalijua tangu ukiwa mdogo: mlango ulioingilia umeinama, utokee umeinama.

Habari ya mkanda wa chai unaijua nusu. Mwaka 1984, Dar es Salaam, madukani hakuna kitu. Tulifanya Goju-ryu kwenye darasa la shule jioni, madawati tumeyasukumia ukutani, miguu mitupu juu ya saruji. Gi yangu, nguo ya mazoezi, bibi yako aliishona kwa marekani. Nilipofaulu mkanda wa kahawia, wa kununua haukuwepo, basi akauchukua ule mweupe, akauchemsha na majani ya chai kwenye sufuria ya ugali. Ulitoka na madoa, huku umekolea, huku umepauka. Niliufunga nikatembea nao barabarani kutoka nyumbani mpaka mazoezini, watu wauone. Hiyo ndiyo nusu tunayoisimulia sikukuu.

Nusu ya pili ni hii. Mwalimu alisikia nimekwenda kufanya mazoezi na kundi jingine. Akanisimamisha mbele ya wenzangu, akaufungua mkanda kiunoni mwangu kwa mikono yake, akautupa sakafuni. Mkanda wa mama yangu. Nikauokota nikatoka. Sikumwinamia yeye, sikuuinamia mlango.

Miaka minne sikupiga hata ngumi moja. Mwaka 1988 kazi ikanipeleka Tanga, nikapata mwalimu mwingine wa Goju. Akaniuliza, umewahi kufanya? Nikasema sijawahi. Nikafunga mweupe, nikasimama mwisho wa mstari na watoto wa shule, najiona mnyenyekevu kweli kweli. Wiki ya pili tukapiga Sanchin, ule mfuatano wa kupumua na kukaza mwili. Akapita nyuma yangu akinigonga mabega na mapaja kwa viganja kuona kama nimekaza, kisha akasimama. Akaniuliza taratibu, wengine wasisikie: "Nani alikufundisha kupumua?"

Sikumjibu. Mweupe wangu haukuwa unyenyekevu, mwanangu. Ulikuwa hasira. Nilitaka yule wa Dar asiwe amenifundisha chochote.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1991 nilikuwa Kariakoo na wenzangu wa ofisini. Mzee mmoja amekonda, kikapu cha mboga mkononi, akaniita kwa jina alilokuwa akiniitia mazoezini. Akasema, "Sanchin bado unaipiga?" Nikamwambia, "Samahani mzee, umenifananisha." Akanitazama. Akasema, "Labda, baba." Akainama kidogo, vile vile alivyotufundisha, akaenda zake upande wa Msimbazi.

Mama yako anasema alistahili. Pengine. Aliyeanza kukosa ni yeye, na mkanda ule ulikuwa na jasho la mwanamke aliyesimama jikoni mchana kutwa. Nikifika hapo nakubaliana na mama yako. Halafu usiku nikipanda ngazi najisikia navyopumua, tumboni, polepole, na aliyenipa pumzi hiyo ni yule yule.

Sasa mkanda. Gichin Funakoshi, ambaye njia yake ndiyo unayoiendea, alifika Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, na mikanda myeusi ya kwanza aliwapa wanafunzi wake 1924, kwa desturi aliyoiazima kwa Jigoro Kano wa judo. Chojun Miyagi, aliyeipa Goju jina lake, alifariki 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja daraja ya mkanda mweusi. Kwa hiyo rangi muulize mwalimu mpya, klabu ni yake. Miguu yako itakusema hata hivyo. Sisi Sanchin imetuzoesha kisimamo kifupi, vidole vimeelekea ndani. Wao hatua ni ndefu, goti la mbele limekunjwa, nyonga zimeshuka. Watakuanzisha Heian Shodan, mfuatano wao wa mwanzo, na mwili wako utakimbilia Gekisai, mfuatano wetu, wenyewe. Usione aibu. Uchukue kama ulivyo.

Nilitaka kukuandikia: rudi kule jioni moja, ingia, inama, toka. Kalamu imefika hapo mara tatu. Mlango ulioingilia umeinama, na kadhalika, unajua. Lakini mimi sikuwepo yule mtoto alipotukanwa, na wewe ulikuwepo. Huenda kuna mtu ambaye ukimwinamia atadhani umekubali alichofanya. Sijui kama wako ni huyo. Wangu sikumjaribu. Basi sikwambii uende. Ukienda nitafurahi, hilo siwezi kukuficha.

Ukishaanza, niandikie mstarini walikusimamisha wapi. Na mwalimu mpya alipokuuliza umetoka kwa nani, ulimjibu nini.

Ni mimi baba yako.