Paja la kuku halitaki kutolewa mapema

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: mapaja ya kuku yaokwe vipi nyumbani ili yatoke laini na yenye majimaji? Nimesoma majibu ya wenzangu na karibu wote wanasema usiyakawize kwenye oveni, yatakauka. Kwa kidari nakubaliana nao. Kwa paja nakataa kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi alikuwa ameshang'olewa magego ya upande mmoja. Kuku anampenda sana, lakini kila nilipooka mapaja nilimwona akitafuna kipande kimoja muda mrefu, kisha anakisogeza pembeni ya sahani bila kusema neno. Nikaamini nimeikausha nyama, nikapunguza dakika. Safari iliyofuata ikawa ngumu zaidi. Nikapunguza tena. Ikafika mahali nyama imeiva, haina ubichi wowote, ila imeng'ang'ania mfupa na inavutika kama mpira.

Basi nikanunua kipimajoto cha nyama, nikapanga mapaja manne ya ukubwa mmoja kwenye trei. Mawili niliyatoa yalipofika nyuzi 74 za Selsiasi kwa ndani, kiwango ambacho kuku huhesabiwa salama kuliwa. Mawili nikayaacha mpaka nyuzi 85. Yale ya kwanza, uma uliingia ukakwama, na karibu na mfupa kulikuwa na utando mweupe unaoteleza ambao haukatiki kwa meno. Yale ya pili, niliushika mfupa kwa vidole viwili nikauzungusha, ukachomoka mtupu. Pale uma ulipobonyeza yalitiririka majimaji mazito, yale yanayonatisha midomo.

Sababu ni kwamba paja ni msuli wa kazi. Kuku husimama na kutembea kwa miguu yake kutwa nzima, kwa hiyo paja lina mafuta mengi kuliko kidari na limefungwa kwa tishu ngumu zenye kolajeni, yaani protini inayoishikilia misuli. Kolajeni hiyo huanza kuyeyuka vizuri joto la nyama likipita nyuzi 70 hivi, tena polepole, ikageuka jelatini, ule ute unaonata, na jelatini ndiyo inayoipaka nyama ule ulaini. Ukilitoa paja mara tu linapofika 74, limeiva lakini kazi hiyo haijakwisha. Kidari hakina akiba ya namna hiyo, ndiyo maana kikizidi hapo kinaanza kuwa kama pamba. Watu wanachukua kanuni ya kidari wanaihukumia paja.

Jambo la pili ni ngozi, na adui wa ngozi ni maji. Maji yakiwa juu yake, joto la hapo halivuki nyuzi 100 mpaka yaishe, na ngozi haiwezi kupata rangi ya dhahabu kwa joto hilo. Itachemka tu, ilegee. Mimi siyaoshi mapaja. Najua wengi mtashtuka, lakini maji ya bomba hayaui vijidudu, yanavirusha tu kwenye sinki na vyombo vya jirani. Nayafuta kwa karatasi za jikoni, pande zote, hata chini ya mikunjo ya ngozi. Kisha chumvi: gramu 10 kwa kila kilo ya nyama, yaani vijiko viwili vya chai visivyojaa vya chumvi laini. Nayalaza kwenye friji usiku kucha bila kuyafunika, rafu ya chini kabisa ili yasidondoshe majimaji kwenye vyakula vingine. Kwanza chumvi huvuta maji nje, halafu maji yale hurudi ndani na chumvi yake. Asubuhi ukiigusa ngozi utaona imekauka na kubana kama karatasi.

Pilipili manga, kitunguu saumu na viungo vikavu, kila mtu na mkono wake. Ila asali au sukari ipakwe dakika kumi za mwisho, vinginevyo itaungua. Ndimu naikamulia mezani, kwa sababu ikilala na nyama usiku kucha huifanya juu iwe kama unga uliolowa.

Oveni iwashwe mapema, nyuzi 220, au 200 kama ina feni. Ngozi iangalie juu, na kati ya paja na paja pabaki nafasi ya vidole viwili, maana yakibanana yanatoa mvuke na kuchemshana. Usifunike kwa foili, usigeuze. Paja lenye mfupa huchukua kama dakika 40 hadi 45. Lisilo na mfupa huwahi, kwa hiyo lichungulie mapema. Ncha ya kipimajoto ichomwe penye nyama nene bila kugusa mfupa, na usitoe kabla ya 80. Kama huna kipimajoto, zungusha mfupa: ukikataa kuzunguka, rudisha trei.

Wekundu kidogo karibu na mfupa usikutishe kama kipimo kimefika. Mifupa ya kuku mchanga bado ina vitundu, na rangi ya uboho hupenya kwenye nyama.

Yakitoka, yaache dakika kumi, wazi, la sivyo mvuke utailegeza ile ngozi uliyoihangaikia tangu jana. Na mchuzi ule wa kahawia uliogandia chini ya trei msiumwage. Mama mkwe huufuata jikoni na kipande cha mkate mkononi, kabla hata hatujakaa mezani.

Msomaji wenu