Ng'ombe wawili, biogesi na migomba

Ndugu yangu wa Rungwe, umeuliza ufanyeje na kinyesi kinachorundikana bandani wakati mbolea ya dukani imekushinda bei. Ng'ombe wawili wa ndani wanatosha mtambo mdogo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi. Changanya kinyesi kibichi na maji, ndoo kwa ndoo, kila siku.

Lakini mali yenyewe, kwangu mimi, ni tope linalotoka baada ya gesi: virutubisho vya mimea, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, bado vimo. Usilianike juani, naitrojeni itapotelea hewani. Lihifadhi shimoni penye kivuli, changanya na majani makavu, kisha peleka kwenye migomba. Mashina ya migomba iliyovunwa wakatie ng'ombe, pamoja na majani mengine, maana mashina hayo sehemu kubwa ni maji. Kama maji kwako ni ya shida, achana na mtambo kwanza, tengeneza mboji.