Nimepata ufadhili, mjomba anataka laki nne

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Tandahimba, niko mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Mtwara mjini. Nimepata ufadhili: ada wanalipa wenyewe chuoni, na mimi nawekewa 1,400,000 kila muhula kwa chakula na malazi. Habari ilifika nyumbani kabla sijaisema. Mjomba, ambaye ndiye aliyenisomesha sekondari, anataka laki nne za shamba la mikorosho, na mama anasema nisimvunjie heshima. Bodi ya Mikopo nayo imenipangia mkopo, wenzangu wananiambia nile kotekote. Na rafiki yangu tuliyepanga naye nyumba moja Chuno amekosa vyote viwili, siku hizi hata salamu anaijibu kwa shida. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Umeupata kwa jasho lako, usiuonee aibu. Naanza na mkopo kwa sababu una tarehe zake. Mjomba anaweza kusubiri wiki mbili.

Usile kotekote. Mkopo wa Bodi umewekwa kwa ajili ya asiye na mtu mwingine wa kumgharamia, na fomu uliyojaza ina sahihi yako pamoja na ya mdhamini wako, ambaye bila shaka ni mtu wa nyumbani. Kikigundulika kitu, mnaulizwa wote wawili. Halafu hiyo si pesa ya bure. Kila bumu, yaani fungu la pesa ya mkopo, unalosaini linaingia kwenye deni, na siku utakapoajiriwa mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Hao wanaokushauri leo hawatakuwepo kwenye hati yako ya mshahara.

Lakini usikimbilie kuufuta kabla ufadhili haujatua. Subiri uwe na mkataba uliosainiwa pande zote mbili, na uhasibu wa chuo wakuonyeshe kwamba ada imeingia kwa jina lako na namba yako ya usajili. Wakati unasubiri, usisaini bumu. Pesa isiyosainiwa hurudishwa Bodi. Mambo yakishakaa sawa, nenda dawati la mikopo hapo chuoni na nakala ya barua ya ufadhili, andika barua ya kuomba mkopo usitishwe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama ufadhili haugusi mafunzo kwa vitendo au utafiti, uliza hapohapo kama sehemu hiyo ya mkopo inaweza kubaki. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Kuhusu hiyo ada, fuatilia mwenyewe. Tatizo linalowapata wengi ni hili: mfadhili analipia wanafunzi kadhaa kwa mkupuo, orodha ya majina inachelewa kufika uhasibu, na kwenye mfumo wewe unasomeka unadaiwa. Anayedaiwa hakamilishi usajili, na asiyesajiliwa anazuiwa mlangoni siku ya mtihani. Pita uhasibu wiki ya pili ya muhula, usingoje wiki ya mitihani. Hakikisha pia jina lililoko kwenye akaunti ya benki linafanana, herufi kwa herufi, na la cheti cha kidato cha nne na la kitambulisho cha taifa cha NIDA. Asha huku na Aisha kule inatosha kurudisha malipo yote. Kama yanatofautiana, tafuta hati ya kiapo kwa wakili mapema.

Sasa mjomba. Sitakuambia umpuuze. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na huyu amekusomesha. Ila kabla hujampa jibu, shika kalamu tupige hesabu.

Chumba tuseme ni 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 300,000 zimeondoka, umebaki na 1,100,000. Muhula pamoja na mitihani ni kama wiki 17, yaani siku 119. Chakula kwa 5,000 kwa siku, ukipika mwenyewe siku nyingi, ni 595,000. Zinabaki 505,000. Toa 80,000 za kuchapisha kazi na vitini, 60,000 za bando kwa miezi minne, na 100,000 za sabuni, bodaboda na mahitaji yako ya kike. Umebaki na 265,000. Humo tenga 150,000 usiziguse kabisa, kwa sababu muhula wa pili mfadhili huenda asitoe pesa mpaka aone matokeo ya muhula wa kwanza, na matokeo yakichelewa nawe unachelewa. Hizo 150,000 ni chakula cha siku 30. Asiye nazo anakopa kwa wenye riba, na hapo ndipo masomo huanza kuyumba.

Kilichobaki ni 115,000. Laki nne za mjomba hazimo humo hata ukifunga kila siku.

Kwa hiyo usimjibu kwenye simu, wala usimwambie "sina", maana ameshasikia unazo. Nenda Tandahimba mwisho wa juma, pitia kwanza kwa mama umwonyeshe hesabu hii, kisha muingie kwa mjomba wote wawili na barua ya ufadhili mkononi. Mwambie hivi: "Mjomba, shikamoo. Pesa hii nimepewa ya kula na kulala tu, na karatasi yake ni hii. Nikifeli au wakiona nimeipeleka kwingine wanaikata, na mzigo wa ada unarudi kwako. Mwezi wa sita, wakati wa palizi na kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nitakuletea 40,000 ya vibarua." Kisha itimize ahadi hiyo hata kwa kujinyima. Nimechagua mwezi wa sita kwa sababu unapofungua chuo, Oktoba na Novemba, ndipo minada ya korosho inaanza na nyumbani hawakosi cha kushika. Njaa ya pesa shambani ni katikati ya mwaka. Elfu 40 ya Juni itamfaa kuliko laki ya Novemba, na atakumbuka ni wewe uliyeileta.

Masharti ya ufadhili yasome mwenyewe, mstari kwa mstari. Tafuta mambo manne: GPA (wastani wa alama) ya chini wanayoitaka, kama sapu moja, yaani mtihani wa marudio, inavunja mkataba, tarehe ya kuwasilisha matokeo, na kama unahuishwa kila mwaka au ni wa miaka yote. Ukiugua ikabidi uahirishe muhula, mwandikie mfadhili kabla hujaahirisha, uambatishe barua ya daktari. Wapo waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, lakini wapo pia waliopoteza ufadhili na matokeo mazuri mkononi kwa kuhama kozi kimyakimya.

Rafiki yako usimgawie pesa, itamuumiza zaidi. Mgawie muda. Baada ya kupanga mikopo Bodi hufungua dirisha la rufaa, na hukaa wazi kwa muda mfupi. Kaeni mfungue ombi lake muangalie limekwama wapi: cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili; cheti cha kifo cha mzazi hakikupandishwa; au fomu ilikosa sahihi au muhuri wa serikali ya mtaa. Kama ni muhuri tu, anapanda gari asubuhi kwenda kwao na jioni amerudi. Mwambie leo, maana dirisha likifungwa atasubiri mwaka mzima.