Kabla ya kufunga boksi, tafuta kitu kitavunjikia wapi

Nauza vitu vya kale na vya makusanyo kwa kuvituma. Asubuhi moja picha tatu ziliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mnunuzi, bila salamu. Ya kwanza ilikuwa ya boksi, zima kabisa, halina hata kona iliyobonyea. Ya pili ilikuwa ya birika la kauri likiwa bado ndani ya plastiki ya vipovu, tabaka nne. Ya tatu ilionyesha mkono wa birika umekatika ncha zote mbili na kulazwa mezani.

Ile ya kwanza ndiyo iliyoniuma zaidi. Boksi lilikuwa zima, kwa hiyo hapakuwa na mbebaji wa kumlaumu. Mkono ule niliuvunja mimi. Nilikuwa nimelizungushia birika plastiki na kuikaza kila mzunguko kama mtu anayefunga bandeji, huku nafasi kati ya mkono na tumbo la birika ikiwa tupu. Kila tabaka liliusukuma mkono kuelekea kwenye uwazi ule, na mtikisiko wa kwanza wa njiani ukamaliza kazi. Nilimrudishia mnunuzi fedha zake zote na kumwomba radhi, lakini birika lilikuwa limedumu miaka mingi kabla halijafika mikononi mwangu, na hilo halirudishwi kwa fedha.

Tangu siku hiyo sianzi na boksi. Naanza kwa kukishika kitu, kukigeuzageuza, na kujiuliza: hiki kikipigwa, kitavunjikia wapi? Kila kitu kina mahali pake. Birika ni mkono, mdomo na kile kirungu cha kifuniko. Kitabu ni kona. Santuri ni jaketi lake, yaani ganda la nje la kadibodi. Stempu ni gundi ya mgongoni. Nikishapajua mahali hapo, ufungaji wote unajipanga kupalinda.

Siku hizi birika nalianzia ndani kwenda nje. Najaza tumbo kwa karatasi laini nyeupe, bila kuishindilia, maana karatasi iliyoshindiliwa nayo husukuma kuta. Kisha nakunja vipande vya karatasi hiyohiyo na kuvipachika kwenye tundu la mkono na chini ya mdomo, mpaka nikipapasa nihisi umbo moja la mviringo, bila kitu kinachochomoza. Hapo ndipo plastiki ya vipovu inapoingia, na inazungushwa kwa kukumbatia tu, haikazwi. Kifuniko hufungwa peke yake. Gazeti silitumii kabisa kugusana na kitu, kwa sababu wino wake huhama, na kauri isiyong'arishwa huunywa. Hata plastiki ya vipovu isiguse moja kwa moja kitu kilichopakwa vanishi au rangi. Ikikaa kwenye joto huacha alama za viduara ambazo hazifutiki. Karatasi laini kwanza, plastiki baadaye.

Kitu chochote cha kauri au kioo nakiweka kwenye boksi lililo ndani ya boksi jingine. La ndani linakizuia kitu kisisogee, la nje linapokea vipigo. Kati ya maboksi hayo mawili naacha angalau sentimita 5 kila upande, na chini na juu pia, kisha najaza. Watu wengi hujaza kwa zile punje nyepesi za povu, nami nilizipenda kwa sababu ni rahisi kumimina. Tatizo ni kwamba gari likitetemeka njia nzima, punje hupishana na kitu kizito huzama taratibu mpaka kinakaa juu ya kadibodi tupu. Kwa kitu kizito natumia karatasi nene iliyofinyangwa ikabana vizuri, au vipande vya povu gumu vilivyokatwa kwa kipimo. Nikimaliza naliinua boksi na kulitikisa karibu na sikio. Nikisikia chochote, nalifungua upya, hata kama ni usiku na nimechoka.

Boksi lenyewe liwe jipya au karibu na jipya. Nguvu ya boksi iko kwenye yale mawimbi ya karatasi yaliyo katikati ya kuta zake. Boksi lililokwisha kusafiri mara kadhaa, au lililowahi kulowa, mawimbi yake yamelala hata kama kwa nje linaonekana zuri. Selotepu pana ipite kwenye mshono wa katikati na kwenye kingo zote mbili, juu na chini, ili likitupwa kwa upande mdomo usifunguke. Maandishi ya "Kitu cha kuvunjika" nayaweka, lakini sifungi kwa kuyategemea: vifurushi vingi hupita kwenye mikanda ya mashine, vikidondoka kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, na mashine haisomi. Kinachopaswa kustahimili kudondoka ni ufungaji. Tena usiandike kwa nje kwamba ndani kuna sarafu za kale.

Kuhusu sarafu, hatari kubwa haionekani. Zile bahasha laini za plastiki zinazonukia kama pazia jipya la bafuni ni za PVC, na viini vinavyoilainisha plastiki hiyo hutoka polepole na kuacha utando wa kijani unaonata, unaoila shaba. Safari ya wiki mbili huenda isilete madhara, lakini wewe hujui mnunuzi ataiacha humo miaka mingapi. Tumia vishikizo vya plastiki ya poliesta, ambayo ni ngumu kidogo na haina harufu. Sarafu mbili zisigusane, na isiwepo inayocheza ndani ya bahasha. Ibandike pamoja na kishikizo chake kwenye kadibodi, ama sivyo itatoboa karatasi na kutoroka. Na tafadhali usiisafishe kabla ya kuituma ukidhani unamfurahisha mteja. Wakusanyaji wanaitaka rangi iliyojijenga yenyewe kwa miaka, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani papo hapo.

Stempu isiyotumika bado ina gundi yake mgongoni, na gundi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Niliwahi kupokea nne zilizoshikana kama mkate. Zishikwe kwa kibanio, si vidole, ziingie kwenye bahasha ndogo za glasini, ile karatasi nyembamba na nyororo, kisha mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, kisha kadibodi mbili.

Nazo kadibodi hizo mbili zina siri yake. Ukiitazama kadibodi ya boksi utaona mawimbi yake yanaelekea upande mmoja, na upande huo ndio inaokunjika kirahisi. Ukipanga vipande viwili mawimbi yakiwa yameelekea upande mmoja, bahasha itakunjika palepale. Ukigeuza kimoja ili mawimbi yapishane kama msalaba, kila kipande kinaushika udhaifu wa mwenzake. Haigharimu kitu, na imeniokolea kadi, picha na barua nyingi. Kadi za kukusanya, ambazo kwa kawaida ni milimita 63 kwa 88, huingia kwanza kwenye mfuko laini, halafu kwenye kishikizo kigumu. Mdomo wa kishikizo nauziba kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, ncha yake nikiikunja ili mnunuzi apate pa kuvutia. Selotepu ya kawaida huacha gundi, na mnunuzi anayehangaika nayo kwa kisu anaweza kuikwaruza kadi yenyewe.

Santuri ya inchi 12 haipaswi kusafiri ikiwa ndani ya jaketi lake. Boksi likianguka kwa ukingo, diski hushuka kwa uzito wake na kupasua mshono wa jaketi, na mkusanyaji hulithamini jaketi sawa na muziki. Itoe, iache kwenye mfuko wake wa ndani, uiweke nyuma ya jaketi, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili. Zile za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu wa wadudu. Hazipindiki hata kidogo, zinavunjika kama sahani, kwa hiyo nazifunga kama ninavyofunga sahani.

Saa ya ukutani toa pendulamu yake na uifunge kando. Kamera na midoli ya umeme, toa betri. Zikivuja njiani zinaharibu kilichozunguka, na zile za lithiamu zina masharti yake ya usafirishaji. Mwanasesere wa kale mwenye macho yanayofumba mlaze kifudifudi, kwa sababu macho hayo yamefungiwa uzito kwa ndani na akilala chali kwa safari nzima uzito unaweza kuyang'oa.

Pima boksi kabla hujamtajia mnunuzi gharama ya usafiri, si baada ya mnada kufungwa. Kampuni nyingi za usafirishaji hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, kisha hutoza ule mkubwa. Hesabu inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, ugawanye kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani kuna birika la kilo moja na nusu. Wauzaji wakishaona hivyo hupunguza boksi la nje. Mimi naona ni bora kusema gharama halisi tangu mwanzo na kuziacha zile sentimita 5 zangu.

Kikivuka mpaka, kwa posta utajaza fomu ya forodha, CN22 au CN23 kulingana na thamani. Eleza kitu kwa maneno ya kawaida: "birika la kauri la kutumika" inaeleweka na afisa yeyote, "vitu mbalimbali" inamfanya afungue boksi lako na kulifunga upya asivyojua. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, stempu ziko 9704, vitu vya makusanyo 9705, na vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100 viko 9706. Wapo wanunuzi watakaokuomba uandike "zawadi" au upunguze bei ili wakwepe ushuru. Nakataa kila mara, kwa upole. Ni uongo kwa serikali, na boksi likipotea bima italipa kile ulichoandika.

Chunguza pia kitu kimetengenezwa kwa nini. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu 1975, unabana biashara ya pembe za ndovu, magamba ya kasa na baadhi ya mbao, na umri wa kitu peke yake haukuruhusu kukituma bila vibali. Birika za fedha za zamani mara nyingi zina vipete vidogo vya pembe ya ndovu kwenye mkono, vilivyowekwa kuzuia joto lisimfikie mmiminaji. Ni rahisi kutoviona mpaka forodha wavione.

Piga picha kila hatua: kitu kikiwa wazi, dosari zake kwa karibu, tabaka la kwanza, boksi la ndani, boksi la nje likiwa juu ya mizani na namba inasomeka. Madai mengi ya bima hukataliwa kwa sababu ya ufungaji mbaya, na picha hizo ndizo ushahidi wako. Mwambie mnunuzi naye asitupe boksi wala karatasi mpaka aridhike, kwani kampuni ikitaka kukagua itataka kuyaona yote.

Kitu cha mwisho kuingia kwenye boksi langu, juu kabisa, ni karatasi moja niliyoiandika kwa mkono. Inasema vimo vipande vingapi na kila kimoja kiko wapi, na kama kuna baridi huko alipo, inamwomba aliache boksi saa kadhaa chumbani kabla ya kulifungua, ili unyevu wa hewa usifanye matone juu ya kitu chenye ubaridi. Nilianza kuiandika baada ya mama mmoja kupokea bakuli la sukari likiwa salama kabisa, akalifurahia, akakusanya karatasi zote na kuzitupa. Kifuniko kilikuwa ndani ya mojawapo.