Mafuta ya mimea katika rangi za maji: kwa anayeanza kazi ya maabara

Wengi wanaoingia katika maabara ya rangi hudhani kwamba mafuta ya mimea yanathaminiwa kwa sababu tu yanatoka shambani, nami huwaomba waanze kwa kujiuliza jinsi utando wa rangi ya maji unavyoungana. Chembe za polima (molekuli ndefu kama minyororo) zinazoelea majini hazina budi kuwa laini, ili maji yakishakauka zishikamane ziwe kitu kimoja, na kwa miaka mingi ulaini huo umeletwa na kiyeyushi kizito ambacho baadaye hutoka taratibu na kuingia katika hewa anayovuta mwenye nyumba. Asidi ya mafuta ya soya ikifungwa kwenye mnyororo wa polima yenyewe, mkia wake mrefu huzilainisha chembe wakati wa kukauka, kisha oksijeni huiunganisha mikia hiyo kupitia vifungo vyake maradufu, na utando ukakaza bila kilichoulainisha kuondoka.

Kwa hiyo tazama namba ya iodini, yaani kipimo cha wingi wa vifungo maradufu katika mafuta, kabla ya bei. Mafuta ya kitani, yenye namba ya takriban 170 hadi 200, hukauka upesi lakini hugeuka manjano. Soya, yenye 120 hadi 140, huenda polepole na kubaki nyeupe zaidi. Mafuta ya nyonyo, yenye 85 hivi, hayakauki yenyewe mpaka yaondolewe maji kikemia kwa joto na kichocheo.

Usihukumu sampuli mapema. Niliwahi kuitupa moja siku ya tatu kwa kuwa ukucha wangu uliacha alama kwenye utando uliopakwa juu ya kioo, ilhali kipande chake kilichosahaulika rafuni kilikuwa kigumu kabisa baada ya wiki tatu, na ikabidi nirudie kazi yote.

Usiandike pia kwamba rangi yako haitoi chochote kwa sababu tu haina kiyeyushi. Asidi linoleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya soya, inapokutana na oksijeni hutoa heksanali, ile harufu ya mafuta yaliyochacha unayoisikia ukifungua kopo la sampuli, kwa hiyo pima hewa ya utando unaokauka kwa siku kadhaa, hasa ukiongeza kikaushi cha kobalti, kinachoharakisha mmenyuko huo.

Mmenyuko huohuo hutoa joto: matambara yaliyoloa mafuta ya kitani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yatumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji, uifunike kabla hujatoka.