Jiwe la sabuni: kidole hakitoshi

Nilipoanza kuchonga, nilichagua jiwe kwa kulipapasa. Likiteleza kama limepakwa mafuta, nalibeba. Jiwe la tatu ndilo lililonitia adabu: nje laini, ndani mishipa migumu iliyokula patasi yangu, na sanamu ikakatika shingoni.

Ule utelezi ni wa talki, madini yenye namba 1 kati ya 10 katika kipimo cha ugumu cha Mohs. Hakuna laini kuliko hayo. Hata ukucha huyakwaruza. Yamepangana tabaka kwa tabaka, na tabaka hizo zimeshikana kwa nguvu ndogo mno, ndiyo maana zinateleza. Lakini jiwe la sabuni ni mwamba, si talki tupu. Huwa na madini mengine kama kloriti na magnesiti, na pengine tremoliti, ambayo ugumu wake ni kati ya 5 na 6. Hiyo ndiyo iliyonivunjia kazi.

Siku hizi nalikwaruza jiwe kwa msumari pande zote, hasa palipomeguka karibuni. Msumari ukiteleza bila kuacha alama, nalirudisha. Kisha nalilowesha na kusubiri: likianza kukauka, nyufa hubaki na mstari wa unyevu.

Ukinunua unga wa talki, usiridhike kuambiwa "daraja la kwanza". La kwanza kwa kazi gani? Mtengeneza rangi anatafuta weupe na chembe ndogo. Wa plastiki anataka chembe bapa, kwa kuwa ndizo zinazoikaza. Mfinyanzi anaogopa chuma, kisije kikamharibia rangi tanuruni. Unga unaomfaa mmoja huenda ukamtia mwingine hasara, na wa vipodozi ni habari nyingine kabisa: hapo dai cheti cha maabara kinachoonyesha kuwa umepimwa na haukukutwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayosababisha saratani yakivutwa kwa pumzi.

Asbesto inatoka wapi? Tremoliti ileile, ikiwa katika umbo la nyuzi, ni asbesto, na macho hayatakuambia. Mwaka 2024 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka talki yenyewe katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Nami nilikuwa nikipuliza vumbi kwa mdomo, tena karibu na uso! Sasa nasugua jiwe likiwa limelowa, navaa barakoa ya kuchuja vumbi, na sakafu naipangusa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio nimeutoa chumbani.