Kampuni ya VOC ilivyobadilisha visiwa vya Banda

Umeuliza kampuni ya biashara tu iliwezaje kuipindua jamii nzima. Tazama Banda, Indonesia. Mwanzoni mwa karne ya 17 kungumanga na basibasi vilitoka huko tu. Tunda ni lilelile: kokwa ndiyo kungumanga, na utando mwekundu unaoizunguka ndio basibasi. Wenyeji hawakuwa na mfalme. Waliongozwa na wazee walioitwa orang kaya, na watu waliuza viungo vyao kwa Wajava, Wamalay na Waarabu, wakipata mchele, sago na nguo.

VOC, yaani Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa 1602, ilitaka iuziwe yenyewe peke yake, kwa bei yake. Watu walipoendelea kuuza kwingine, mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni hiyo, alishuka na jeshi. Orang kaya 44 walikatwa vichwa. Kati ya wakazi wanaokadiriwa kuwa 15,000 walibaki kama elfu moja. Wengine waliuawa, walikufa njaa milimani, walikimbia au walipelekwa Batavia (Jakarta ya leo) utumwani. Inauma hata kuandika.

Hapo ndipo uchumi ulipogeuka kabisa. Mashamba yaligawanywa vipande, yakapewa Wazungu walioitwa perkenier, na kazi ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka mbali. Mazao yote yalilazimika kuuzwa kwa kampuni. Wabanda wachache waliobaki waliwafundisha wageni kutunza mikungumanga iliyokuwa yao.

Waliokimbilia visiwa vya Kei walianzisha kijiji, Banda Eli, na lugha ya Kibanda bado inazungumzwa huko.